Springi za Mzigo

Gongo la baba lilikuwa limechora njia kwenye ua wangu. Njia ilianzia kizingiti cha jikoni, ikafuata ukuta hadi kwenye tangi la maji, ikapita getini, ikarudi. Asubuhi nilifagia, jioni nikaikuta imerudi palepale, vishimo vya gongo upande mmoja na alama za ndala upande wa pili. Getini alikuwa akisimama muda mrefu. Majirani walidhani anaangalia wapita njia, wakawa wanampungia mkono. Baba alikuwa anaangalia mawingu.

Sikuhitaji kuuliza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi ni mtoto wa mtu asiyeweza kukaa. Chai nainywa nimesimama. Kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na padri ameshazoea kuniona natoka kabla ya matangazo. Mama anasema nilizaliwa njiani akitoka mnadani, na kwamba tangu siku hiyo sijawahi kufika. Basi fikiria watu wawili wa namna hiyo ndani ya ua mmoja Kahama, mmoja anazunguka kwa gongo, mwingine kwa funguo za gari mkononi.

Baba alikuwa kwangu kwa sababu ya dume lake mwenyewe la ng'ombe. Lilimbana kwenye nguzo ya josho, nyonga ikavunjika. Alitolewa kijijini kwa mkokoteni, akafikishwa Mwanza, akatiwa chuma ndani ya mfupa, kisha nikamleta kwangu ili awe karibu na kliniki, mama akabaki kijijini na ng'ombe. Kiangazi chote alikuwa mgonjwa wangu. Kilipokaribia kwisha, daktari alimtazama anavyotembea akasema anaweza kurudi nyumbani kwake, ila kwa sharti moja.

"Asirushwe," alisema. "Mfupa bado haujakaa sawasawa. Akirushwa njiani, tutaanza upya, na kwa umri wake sijui kama tutamaliza."

Kati ya nyumba yangu na ya baba kuna barabara ya changarawe hadi machimbo ya Mwakitolyo, kisha njia ya ng'ombe, kisha mbuga. Mbuga ninayosema si ya wanyama wala ya watalii. Ni udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua ikinyesha unashika kama ugali uliotolewa jikoni kabla haujaiva. Mvua za mwanzo zikishalowanisha pale, hakuna gari linalovuka mpaka kiangazi kingine.

"Mvua ikinikuta hapa," baba aliniambia siku moja bila kugeuza macho kutoka angani, "nitakaa hapa mpaka mtama uvunwe. Na mimi sijui kama nitafika kwenye mtama."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema ninavyoona. Unanitunza vizuri, mayu. Lakini sitaki kufa nikiwa mgeni."

Mayu maana yake ni mama. Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto, na kila alipotaka jambo ambalo hataki nilikatae alilianza au kulimaliza kwa neno hilo. Nilikwenda jikoni nikasukumasukuma masufuria bila sababu. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani: dume, daktari, mawingu, au yule mzee aliyekuwa na haraka ya kuniacha.

Gari nilikuwa nalo. Nauza mchele kwa mama lishe wa machimboni, na pikapu yangu, kuukuu na nyeupe pale ambapo haijapata kutu, inajua kila shimo kati ya mashine za kukoboa za Kahama na Mwakitolyo. Lakini mbuga haikuwahi kuivuka. Siku zote niliiacha kwa watu pale machimboni nikamalizia kwa miguu au kwa pikipiki. Na pikipiki kwa mtu mwenye chuma kwenye nyonga ni njia ya kumrudisha Mwanza.

Basi nikaipeleka kwa fundi. Ana uwanja wake upande wa kwenda Buzwagi, mtu wa Ushirombo, mcheshi, mikono imeingia oili mpaka haitoki tena. Nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Nataka ivuke mbuga, imebeba mgonjwa."

Mafundi wa kwetu katika sentensi nzima wanasikia neno moja. Alisikia mbuga.

Na si yeye peke yake. Uwanja wa fundi ni kama kikao cha ukoo, kila anayepita ana neno lake. Dereva wa lori la pamba aliyekuwa anasubiri breki zake alisema bila springi najidanganya. Mwenye trekta alisema vilevile. Fundi mwenyewe alikuwa ameshalala chini ya gari, sauti yake ikitokea kwenye vumbi.

"Mama, pikapu bila springi za mzigo ni kitanda bila chaga. Kwanza tuongeze vyuma nyuma. Hayo mengine yatafuata."

Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Pikapu ikifika kutoka bandarini, hata harufu ya meli haijaitoka, inapelekwa kuongezewa springi, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kununua pikapu asitake kuijaza. Pamba, mpunga, mawe ya dhahabu, ng'ombe, waombolezaji. Kila mmoja pale uwanjani alijua uzito wa kila kitu kinachopakiwa katika nchi hii. Hakuna aliyeuliza mgonjwa wangu ana uzito gani. Mimi pia sikusema. Nilisimama nikitikisa kichwa kukubali, kwa sababu nilisikia vyuma vikigongwa, na vyuma vikigongwa mimi huona kazi inakwenda.

Tukaongeza springi. Pikapu ikainuka nyuma. Tukavua matairi yangu yaliyokuwa yamekwisha tukavika tairi za kashata, zenye meno makubwa ya kung'ata matope. Chini ya injini fundi akafunga sahani nene ya chuma, kisiki kisije kikatoboa tumbo la oili. Bomba la kuvutia hewa akalipandisha pembeni ya kioo mpaka usawa wa paa, injini isinywe maji tukikuta korongo limejaa. Akachomelea ndoano imara mbele na nyuma, maana alisema gari lisilo na mahali pa kushikwa halina wa kulivuta. Alitaka pia kunifungia safu ya taa juu ya paa. Nilimwambia siendi disko. Mimi mwenyewe nikaongeza beleshi, kamba ndefu, mbao mbili za kuweka chini ya matairi, na pampu ndogo ya upepo.

Niliiendesha kurudi nyumbani kifua mbele. Ilikuwa imekaa kama jogoo. Baba alitoka, akaizunguka kwa gongo lake, akasimama nyuma, akaweka kiganja kwenye ubao wa nyuma akabonyeza. Hakikutikisika kitu.

"Limevimbiwa," alisema.

"Limeimarishwa, baba."

"Ng'ombe aliyevimbiwa naye anaonekana imara."

Jumapili nikamchukua kanisani ili ajaribu kiti. Nilimwekea mto mgongoni na mwingine ubavuni. Njia ni fupi, ila kuna tuta la barabarani karibu na soko, dogo kabisa, hata mkokoteni wa maji unalipita bila mtu kulitaja. Nililipita taratibu. Magurudumu ya mbele yalishuka salama. Ya nyuma yakaturusha.

Baba alitoa mguno mfupi, mkono ukakamata dashibodi, uso ukabadilika rangi. Baadaye akasema, "Nirudishe."

Nilimrudisha kwa mwendo wa maiti. Daktari alimpima akasema chuma kimekaa mahali pake, tumshukuru Mungu, na akaniuliza gari gani hilo. Nilitoka nikaipiga teke tairi yangu mpya nikaumia kidole. Nilikuwa nimeijenga pikapu ya kuvuka mbuga ikiwa na mzigo wa magunia hadi juu, na mzigo wangu ulikuwa mzee mmoja mkavu ambaye upepo wa Agosti ungeweza kumhamisha. Springi zile zilikuwa zinangoja uzito usiokuja.

Nikakimbilia kwa fundi azitoe. Uwanja umefungwa. Amekwenda Chato, msibani kwa shemeji yake, hajulikani anarudi lini. Nikaenda kwa fundi mwingine. Akainama, akatazama, akajifuta mikono.

"Kazi ya nani hii?"

Nikamwambia.

"Yuko msibani, mama. Siwezi kufungua kazi ya mwenzangu akiwa msibani. Itaonekana nimemchimba."

Wa tatu akanijibu hivyohivyo, kwa upole zaidi, jambo lililonikera zaidi. Niliwaambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Walinisikiliza kwa heshima zote, wakanipa pole, wakaendelea kukataa. Wakati huo simu zilikuwa zinaingia kutoka kwa ndugu: Bukombe imenyesha, Geita imenyesha. Kahama upepo ulibadilika, ukawa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Baba aliongeza mizunguko ya ua. Usiku nilimsikia anageuka kitandani, na yeye bila shaka alinisikia.

Biashara haingoji. Katikati ya wiki nilipakia mchele wa mama lishe, magunia yakafika usawa wa kioo, nikashika njia ya Mwakitolyo. Nilikuwa na kikombe cha chai nimekisahau juu ya dashibodi. Nilipita shimo la kwanza, la pili, yale mabati ya changarawe yanayotetemesha meno, na mahali fulani mbele nikanyoosha mkono nikakunywa chai yangu. Haikuwa imemwagika.

Nilisimamisha gari nikacheka peke yangu, kisha nikanuna peke yangu. Ni jambo nililolijua tangu siku ya kwanza niliyoshika usukani: gari lenye springi ngumu likiwa tupu linaruka, likipakiwa linatulia. Lakini furaha yangu ilikatika hapohapo nilipofika kwenye hesabu ya pili. Mzigo ungemtuliza baba barabarani, sawa. Na kwenye mbuga mzigo huohuo ungetuzamisha mpaka milangoni. Nikipakia nazama. Nikishusha namvunja baba.

Jioni nilimweleza, nikitembea huku na huku mbele yake. Alinisikiliza, mikono yote miwili juu ya gongo. Nilipomaliza hakunipa ushauri wowote. Aliomba simu yangu, akaenda nayo getini, akazungumza Kisukuma kwa muda mrefu. Nilisikia anacheka, kitu ambacho sikukisikia tangu kiangazi kianze. Aliporudisha simu ilikuwa ya moto.

"Kesho," alisema.

"Kesho vipi? Nimekueleza..."

"Pakia mchele wako. Kesho twende."

Tukaondoka asubuhi. Mchele nyuma, baba mbele, kiti kimelazwa, mito kila upande. Nilipita lile tuta la soko nikiwa nimebana pumzi. Pikapu ililipanda, ikalishuka. Baba alikuwa anatazama dirishani. Hadi Mwakitolyo hakuguna hata mara moja, na mara mbili alisinzia.

Mama lishe walimpokea kwa shikamoo nyingi. Wakaleta uji, wakamuuliza habari za mguu, huku vijana wa machimbo wakishusha magunia, wote wamepauka kwa vumbi la mawe. Kila gunia lililoshuka, pikapu iliinuka kidogo. Nilisimama pembeni nikiitazama inavyopanda, na kila ilivyopanda roho yangu ilishuka. Mchimbaji mmoja akaipigapiga ubavuni akasema, "Mama, hii imeenda hewani kabisa!" Alimaanisha sifa. Nilimtazama akaondoka.

Nje kidogo ya machimbo, barabara inaachana na njia ya wauza maziwa, ile wanayopita watu wa kwetu kila asubuhi kuleta maziwa kwa wachimbaji. Kuanzia hapo ni njia ya ng'ombe, alama za kwato zilizokauka, ngumu kama matofali, hadi ukingo wa mbuga. Mwanzo tu wa njia ile tulirushwa, si sana, lakini niliona baba amefumba macho.

"Simama," alisema.

Nikasimama.

"Zima."

"Baba, tazama kule." Upande wa nyumbani anga lilikuwa jeusi. "Mvua ile haitusubiri. Nitakwenda polepole, nitakwenda kama konokono, lakini twende."

"Zima gari, mayu. Tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Nilizima. Sijui mateso makubwa kuliko kumngojesha mtu wa aina yangu bila kumwambia anangoja nini. Nilishuka nikapanda. Nikakagua ndoano. Nikakunja kamba nikaikunjua. Nikamwambia baba kwamba ukaidi wake ndio uliompeleka kwenye lile dume, na dume lilikuwa na sababu zake. Baba alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, macho kwenye njia.

Kisha wakatokea. Mwanzoni niliona miavuli tu, halafu kanga, halafu kofia za wazee. Walikuwa watu wa kikundi cha baba cha kulima, wale ambao tangu sijazaliwa wanalimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walikuwa wameivuka mbuga kwa miguu. Mbele yao alikuwa mama yangu, ndala mkononi, miguu imepakwa tope jeusi hadi kwenye vifundo.

"Mwangaluka!" walituamkia, wakazunguka dirisha la baba wote kwa pamoja. Walishikana mikono kupitia dirishani mpaka nikadhani watamng'oa. Mama alisubiri mwisho. Hakumshika mkono. Alimgusa kichwani, akapapasa kama anayekagua boga, akasema, "Umekonda kwa raha za mjini."

Kisha akazunguka nyuma akaanza kupanda.

"Mama," nilisema, "kuna nafasi mbele. Njoo ukae na baba."

"Sijaja kukaa mbele. Nimekuja kuwa gunia."

Wote wakacheka, baba akacheka ameshika nyonga. Wakapanda mmoja baada ya mwingine, wazee kwa kusukumwa, wanawake kwa kuvutwa, wakajipanga kama walioagizwa, wazito wakae juu ya ekseli. Pikapu ikashuka. Nilizisikia springi zikilia kidogo, halafu zikanyamaza.

Tulikwenda juu ya zile kwato na baba hakufumba macho tena. Nyuma walinisumbua njia nzima. "Polepole, wewe, hatujakobolewa!" "Nani alimfundisha huyu, mbuzi?" Wakipata kimya wanakipasua kwa kicheko kingine. Na mimi, ambaye siku nyingine ningeshika breki nikawashusha wote kwa adabu mbovu, niliendesha nimeuma mdomo ili wasione nacheka.

Ukingoni mwa mbuga manyunyu yalikuwa yameanza. Nyufa zilikuwa bado wazi lakini juu udongo ulikuwa umeshaanza kung'aa. Bila kuambiwa, wakashuka. Gunia lingebaki palepale likatuzamisha. Wao walikuwa na miguu. Nilipunguza upepo kwenye matairi mpaka yakatanuka chini kama nyayo za ngamia, nikaweka gia ya magurudumu yote manne, nikaingia.

Huko ndani hakuna kurushwa, kuna kuteleza tu. Tope lilishika, kashata zikang'ata, tope likaachia. Walitembea pande zote mbili za gari, wakiwa wamevua viatu. Mahali gurudumu la nyuma lilipoanza kuchimba, walishafunga kamba kwenye ndoano ya mbele kabla sijashusha kioo, wakavuta kwa pamoja kwa sauti moja ileile wanayolimia, na tukatoka. Mama alitembea upande wa baba, mkono wake juu ya mlango, na mimi nilifuata mwendo wake. Sijawahi kuendesha gari taratibu namna ile maishani mwangu. Nilitazama mbele kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka baba ayaone. Alikuwa ameyaona. Alisema, "Usizime tu."

Nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda zizini, akaegemea mti wa mlango, akawataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao. Lile dume lilikuwapo. Walitazamana. Kisha akaagiza kigoda akakaa, gongo kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona ametulia. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja. Kumbe muda wote ule alikuwa anajua kukaa, ila si kwangu.

Manyunyu yaliongezeka. Kila mtu alijua lazima niondoke saa hiyohiyo au nikae mpaka kiangazi. Mama alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Nilikwenda kumuaga baba.

"Nenda, mayu, usije ukafungiwa," alisema. "Wabeja." Alinishukuru hivyo, kwa Kisukuma, akaitazama pikapu. "Utarudi na gari tupu. Litakurusha."

"Litanirusha tu, baba. Mimi sina chuma."

Wenzake walinivusha mbuga, wakanipungia ukingoni. Halafu nikabaki na zile kwato, na pikapu ikanirusha mpaka michembe ikamwagika yote kwenye sakafu. Nyuma yangu mvua ilifunga.

Masika yote tulikutana kwenye simu. Mtandao kule unashikwa ukiwa umesimama juu ya kichuguu, kwa hiyo nilijua kila akipiga amepanda. Alianza na habari za mahindi, akaja kwenye za ng'ombe, na mwisho aliuliza swali lilelile: "Bado linakurusha?"

"Linanirusha, baba."

"Pole. Pakia kitu."

Ukweli ni kwamba fundi alikuwa amesharudi kutoka Chato na kuvitoa vile vyuma, akicheka na kujilaumu, akinilaumu na mimi. Akanibakizia springi zilezile za zamani. Pikapu ikawa laini. Mchele kidogo inabeba, mchele mwingi inalalamika, tumezoeana. Lakini sikumwambia baba. Lile swali lilikuwa lake. Ningemwambia limetulia angebaki na mahindi na ng'ombe tu, na mimi ningebaki bila yule mtu mmoja anayeuliza njia imenifanyaje.

Vile vyuma sikuvitupa. Kijijini kwetu kuna mhunzi, na springi ya gari ndiyo chuma anachokipenda kuliko vyote, anafua majembe yasiyokunjika. Nilipanga kumshangaza baba. Mtama ulipokwisha kuvunwa na nikasikia mbuga imekauka, nilimpigia baba nikamtajia siku ya kuja, vyuma sikuvitaja, nikavifunga kwa kamba nikavilaza nyuma, sikupakia kitu kingine, nikaondoka.

Pale njia ya wauza maziwa inapoachana na barabara, mtu alikuwa amesimama peke yake. Nilimtambua kwa gongo kabla sijaona uso. Baba alikuwa ametoka na wauza maziwa alfajiri, akaivuka mbuga na zile kwato zote kwa miguu yake, akawaambia wamtangulie. Suruali ilikuwa na vumbi hadi magotini.

Nilishuka nikikimbia. "Shikamoo. Baba, unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Huku kunarusha," alisema. "Leo gunia ni mimi."

Akapita pembeni yangu akaenda nyuma. Nikamwambia apande mbele, kiti kile ni chake.

"Mbele ni pa wagonjwa."

Akashika ubao wa nyuma ili apande, na gari likazama kidogo chini ya mkono wake, lilivyo laini. Akautazama mkono. Akachungulia ndani, akaviona vile vyuma vimefungwa kwa kamba, vimeshapata kutu ya masika yote. Nilizikumbuka zile "linanirusha" zangu zote za kwenye simu. Alivitazama, akanitazama mimi, akaniachia gongo nimshikie. Kisha akapanda, akakaa juu ya vile vyuma, akashika ukingo wa pikapu kwa mikono miwili.

"Twende," alisema. "Polepole."

Nilikwenda kwa ule mwendo wa mama wa siku ya tope, hadi nyumbani.